Vipande vya Korosho na Mguu wa Kulia

Kama mtoto wako ameanza kutembea huku unyayo mmoja ukiangalia nje, usimcheke. Na kama mtoto huyo ni wewe, goti linauma na hujamwambia mtu, acha kusoma hapa. Nenda kamwambie mtu, kisha urudi. Mimi nilikaa na maumivu hayo wiki saba bila kusema, na ni kwa ajili ya wiki hizo saba kwamba naandika.

Naitwa Hilda. Ni fundi cherehani hapa Masasi. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufumua magauni ya zamani ya mama na kuyashona upya mpaka yakarudi kama yalivyokuwa. Nasema hivyo ili unijue mapema. Mshono ukipinda hata kidogo, nafumua. Ukurasa huu nimeuandika mara tano. Watu wanaisifia tabia hii, lakini ilikaribia kuninyang'anya mguu.

Mwaka wa korona nilikuwa darasa la sita, na nilikuwa mnene. Siyo ule unene ambao watu wazima wanasema "ana afya huyu." Sare yangu ilishonwa kwa kitambaa cha sare mbili, na shule nzima ilijua. Lakini nilikuwa natembea. Kwenda shule nusu saa, kurudi nusu saa, na mapumziko tulicheza rede. Kila siku mimi ndiye niliyepigwa mpira wa kwanza, kwa sababu nilikuwa rahisi kulengwa. Nililia sana kwa ajili ya mchezo ule. Sikujua kwamba ndio uliokuwa unanishikilia.

Kisha shule zikafungwa.

Mama anapika chakula karibu na stendi. Wateja wake ni abiria na madereva, watu wa kutoka kila upande, na siku ile ya tangazo alirudi nyumbani akakaa nje ya mlango bila kuingia.

"Hilda, mimi siwezi kuacha kupika," alisema. "Na siwezi kukuletea ugonjwa ndani. Utakwenda kwa bibi yako."

Bibi, mama yake mama, anaishi Mnyambe, upande wa Newala, kwenye nyumba ya bati yenye tanki la maji ya mvua na ua wa fito. Nilipofika alinisimamisha nje ya ua.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Hukohuko! Nawa kwanza mpaka viwiko."

Nilipomaliza kunawa akanitazama kutoka juu mpaka chini, na nikaona hofu usoni mwake. Alikuwa amesikiliza redio. "Wamesema ugonjwa huu unawashika vibaya watu wenye miili mikubwa," alisema. "Basi wewe hutoki. Hata kanisani hutoki. Lango hilo ndio mwisho wako."

"Hata bombani, Bibi?"

"Hata bombani. Na kula utakula. Mtu akikonda ndipo homa inapopata mlango."

Aliamini mambo yote mawili kwa pamoja: kwamba nilikuwa hatarini kwa sababu ya mwili wangu, na kwamba mwili huo usipungue. Mimi pia niliyaamini yote mawili. Nisingependa mtu amcheke bibi yangu. Alikuwa anajaribu kuniokoa.

Kazi yangu ikawa kubangua korosho. Bibi alizikaanga asubuhi kwenye kipande cha bati kilichotobolewa, moshi mkali ukituchoma macho, kisha akazimwagia mchanga moto uzimike. Mimi nilikaa kivulini na jiwe na kijiti, nikigonga moja moja, vidole vyangu vikiwa vyeusi kwa mafuta ya maganda. Korosho nzima zilikwenda kwenye ndoo, kwa ajili ya kuuzwa. Iliyovunjika ilikuwa ya mbanguaji. Ndivyo ilivyo kwetu, hakuna anayeuliza: ukiivunja, unaila.

Mwanzoni nilikuwa sivunji. Nilikuwa na mkono mwepesi, na Bibi alimwambia jirani kwa sauti kupitia ua, ili na mimi nisikie: "Mjukuu wangu anatoa nzima tupu. Wewe wa kwako wanakulia nusu ya ndoo!" Nilijiona mtu wa maana. Nilikaa kuanzia chai mpaka jioni, nikiinuka kwenda chooni tu.

Lakini kichwa kilikuwa stendi ya Masasi. Redio ikisema kitu, nilimwona mama anakohoa. Simu ya Bibi ikiita, niliacha jiwe hewani mpaka nijue ni nani. Siku moja mama hakupiga jioni kama kawaida yake. Kesho yake asubuhi niligonga korosho kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. Ilipasuka vipande vitatu. Nikaila, na kwa muda ule wa kutafuna sikuwaza chochote.

Nikaivunja nyingine.

Mama alipiga saa nne. Simu yake ilikuwa imeisha chaji tu. Lakini mkono ulikuwa umeshajifunza. Tangu siku hiyo nilivunja makusudi, kila siku, na nilijifunza kuvunja vizuri: pigo dogo la pembeni, linaloonekana kama bahati mbaya. Nilichanganya, nzima tano, iliyovunjika moja, kisha nzima nne, kisha tatu. Juu ya hizo kulikuwa na ugali wa muhogo mchana na jioni, na uji asubuhi.

Mwili ulibadilika haraka. Gauni la Jumapili halikupita mabegani. Mapaja yalisuguana mpaka yakatoka vidonda, nikayapaka mafuta ya nazi kwa siri. Kutoka kivulini mpaka chooni nilihema. Mwezi wa tano goti la kushoto likaanza kuuma, hasa nikiinuka, na unyayo ukawa unaelekea nje wenyewe, kama si wangu.

"Mbona unatembea kama bata?" Bibi aliuliza akicheka.

"Nilijigonga, Bibi."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Niliogopa kwamba nikisema linauma, mtu atasema ni unene, na akishasema unene, ataangalia ndoo. Nikikaa maumivu yalipungua. Basi nikakaa.

Shule zilipofunguliwa nilirudi Masasi. Mama aliponiona nashuka kwenye gari aliweka mkono mdomoni, akauondoa haraka. Siku ya kwanza ya shule nilitembea saa nzima badala ya nusu. Kwenye ngazi ya darasa, ngazi moja tu, nilisikia kitu kinaachia juu ya paja. Nikaanguka mbele ya darasa zima, na hakuna aliyecheka. Ndipo nilipojua kwamba ni jambo kubwa.

Hospitalini mama alibishana na daktari. "Ni goti, daktari! Mbona unampiga picha nyonga?"

"Mama Hilda, goti ndipo anaposikia," daktari alijibu. "Palipovunjika ni huku juu."

Alituonyesha picha dirishani. Sitaeleza zaidi ya alivyotueleza: kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimeteleza kutoka mahali pake, kwa mtoto anayekua na uzito mkubwa hutokea, na kingefungwa kwa skrubu. Kisha akaweka kidole upande wa pili wa picha.

"Huu wa kulia bado mzima. Lakini ukishateleza mmoja, wa pili nao una hatari. Tutaupiga picha kila baada ya miezi mitatu mpaka mifupa yake ikomae. Uzito usiongezeke. Ukiteleza na huu, sijui atatembeaje."

Nilifanyiwa upasuaji mwezi wa saba, upepo wa baridi ukigonga madirisha ya wodi. Nakumbuka jambo moja kuliko kisu. Gauni la wagonjwa halikunitosha. Nesi mmoja, Sista Veronika, alilijaribu, akaona, akaenda, akarudi na mawili. Aliyafunga pamoja kwa kamba ubavuni, kimya, kama vile ndivyo yanavyoshonwa siku zote. Mpaka leo mteja mnene akija kupimwa, nanyamaza kama alivyonyamaza yeye.

Bibi alikuja kuniona. Mama alimsubiri koridoni, na mlango haukufungwa vizuri.

"Nilikupa mtoto anayetembea," mama alisema. "Miezi mitatu tu, mama. Mitatu!"

"Nilimlinda," Bibi alisema.

"Ulimlisha."

Nilivuta shuka mpaka juu ya uso. Ningeweza kuita, nikasema kuhusu korosho, na ugomvi ungeishia pale. Sikuita.

Niliruhusiwa kutoka na magongo mawili na amri ya kutoukanyagia mguu wa kushoto. Mama hakuwa na mtu wa kukaa na mimi wakati akipika, kwa hiyo, pamoja na maneno yote yale, nilirudishwa Mnyambe. Njia ile niliihisi yote kwenye skrubu. Sista Veronika alikuwa amenipa daftari. "Andika kila unachokula," aliniambia. "Kila kitu. Sikuandikii adhabu, nataka kuona tu."

Hakujua anampa nani daftari.

Nilipiga mistari kwa rula. Tarehe kwa kalamu nyekundu, chakula kwa ya bluu. *Asubuhi: chai bila sukari, muhogo vipande viwili. Mchana: ugali kiasi cha ngumi, kisamvu.* Bibi alipika hivyo kweli, kwa uangalifu wa mtu aliyeshtakiwa. Aliupima ugali kwa ngumi yangu kabla ya kuupakua. Lakini kutwa nzima alikuwa shamba au kanisani, na mimi nilikuwa kivulini, magongo ukutani, jiwe mkononi. Nilikuwa naogopa mguu wa kulia kila saa. Nilikuwa nauangalia kama unageuka. Na kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyovunja. Korosho sikuziandika. Nilijiambia nitaanza kesho, kwenye ukurasa mpya, siku ambayo sitakula hata moja. Siku ya namna hiyo haikuja, na daftari likabaki safi.

Siku ya picha ya kwanza ilikuwa mwezi wa kumi, mabibo yameiva na barabara yote inanuka. Mama alinifuata Mnyambe siku moja kabla. Kesho yake tulikaa kwenye benchi la kliniki kuanzia saa moja. Pembeni yetu alikaa mama mmoja wa Nanganga na mtoto mwenye plasta mkononi. Alinitazama, akayatazama magongo.

"Pole, mwanangu. Umeanguka kwenye mkorosho?"

"Hapana, mama."

"Wangu ameanguka kwenye mkorosho wa watu. Hata kuiba hajui!"

Mama alicheka, mara ya kwanza baada ya miezi. Alikuwa ameshika daftari langu mapajani. Akamfungulia yule mama alione. "Ameandika mwenyewe. Angalia mwandiko." Nilitamani benchi linimeze.

Jina langu likaitwa. Mizani ilikuwa koridoni, mbele ya watu wote. Nilipanda kwa mguu mmoja huku nimeshikwa. Sista Veronika alisoma, akanishusha, akanipandisha tena.

"Zimeongezeka kilo sita," alisema taratibu.

"Mizani yenu mbovu," mama alisema.

"Mama Hilda..."

"Soma daftari! Mtoto anakula kama ndege. Haongopi mwanangu, hajawahi kuongopa." Sauti yake ilipanda mpaka benchi zima likageuka. Kisha nikaona wazo linamwingia. Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Mama, unampa nini huyu mtoto?"

"Simpi kitu," sauti ya Bibi ilisema. "Ngumi moja, kama walivyosema."

"Usinidanganye. Kilo sita, mama! Unataka akose na mguu wa pili? Hilda harudi huko tena. Na wewe usikanyage kwangu."

Kisha tukasikia pumzi, zile za mzee anayelia huku ameiweka simu mbali ili asisikike. Niliangalia mguu wangu wa kulia, umesimama peke yake kwenye sakafu ya saruji. Niliwaza kwamba nikinyamaza sasa, sitalaumiwa kamwe. Daftari litabaki zuri. Bibi atakuwa ndiye mkosaji mpaka afe.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema kwa nguvu, na sauti ikatoka kama ya kuku: "Ni mimi! Navunja korosho makusudi. Nazivunja ili nizile. Tangu shule zilipofungwa. Bibi hajui."

Mama alinitazama kama anayetafuta mtu mwingine nyuma yangu. Alinyanyua mkono. Bibi alisema kwenye simu, haraka, kama aliyeuona, "Mama Hilda, usimpige. Ana magongo."

Mkono ulishuka. Bibi akaendelea, polepole. "Zilizovunjika nilikuwa naziona zimezidi. Maganda yalikuwa mengi, ndoo haijai. Nikajua mikono imechoka kwa magongo. Nikasema nisimwaibishe."

Mama aliita, "Mama..." lakini simu ilikuwa imekatika, au Bibi ameikata.

Sista Veronika alituingiza chumbani na kufunga mlango. Nilimwomba daftari jipya, ili nianze upya, vizuri, na ukweli wote. Alikataa.

"Endelea katika hilihili, ukurasa unaofuata," alisema. "Na ukikosea usichane karatasi. Piga mstari, andika chini yake."

Huwezi kujua amri hiyo ilivyonitesa. Kulala njaa ningeweza. Kuishi na daftari lenye kurasa za uongo mbele na kurasa chafu nyuma, hilo ndilo lililonitoa jasho.

Picha ilitoka mchana. Daktari aliiinua dirishani, na mama akanishika bega mpaka likauma. Mguu wa kulia ulikuwa bado mahali pake. "Bado," daktari alisema.

Tulipotoka mama alitembea mbele yangu mpaka stendi. Kisha, bila kunigeukia, akauliza, "Ungeniacha nimtukane mama yangu mpaka lini?"

Nilimwomba daftari, nikaliingiza kifuani mwa gauni.

Siku ile ile alipanda na mimi gari la Mnyambe. Alipiga magoti mbele ya Bibi uani, na Bibi akamwambia, "Inuka, utachafua kitenge, na sabuni yenyewe sina." Ndivyo yalivyokwisha, au ndivyo walivyotaka mimi nidhani yamekwisha.

Nilisema sitagusa korosho tena kamwe. Bibi alikataa. "Utaishi Newala na Masasi bila kuona korosho? Utakaa wapi, mwezini?" Alichobadilisha ni mambo mawili. Zilizovunjika zikawa za chungu: ziliingia kwenye bakuli, jioni zikapondwa kwenye kisamvu, tukala wote. Na lango likafunguliwa. Kila ndoo ikifika nusu, alisimama, akajifunga kitambaa mdomoni, akasema, "Haya, mke mwenzangu. Magongo." Tulikwenda mpaka mkorosho wa tatu na kurudi. Wiki iliyofuata wa tano. Nilipoacha gongo moja, tulifika kwenye shamba la jirani, ambaye alituangalia na kusema, "Bibi kizee na mjukuu, nani anamsindikiza nani?"

"Wewe endelea kubangua, unaliwa nusu ya ndoo!" Bibi alimjibu.

Sitasema uzito ulishuka. Mwanzoni uligoma tu kupanda. Krismasi nilikula pilau sahani tatu, nikaandika *pilau sahani moja*, nikapiga mstari, nikaandika *tatu*. Shule ya mwaka ule ilinipita yote. Nilijisomea chini ya mkorosho kwa vitabu vya kuazima, na hesabu za sehemu nilizielewa kwa kugawa korosho. Masika yakaja, picha. Kipupwe, picha. Kila mara daktari aliinua ile karatasi nyeusi dirishani, na kila mara, kabla hajafungua mdomo, nilihisi kitu kile kile kinaachia juu ya paja, upande ambao haukuwa umeachia. "Bado," alisema. "Bado." Nilirudia darasa. Nilicheza rede nikiwa nimesimama pembeni nikihesabu pointi, kisha siku moja nikaingia, nikapigwa wa kwanza, nikafurahi hadi wakanishangaa.

Msimu wa tatu wa mabibo tangu nianguke, daktari aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mama alikuwa ameshaanza kusali kwa midomo.

"Mifupa yote miwili imefunga," alisema. "Wa kulia hautelezi tena, mama. Msinirudie kwa sababu hii."

Mguu wa kushoto umebaki mfupi kidogo. Fundi viatu ananiongezea soli, na cherehani nakanyaga kwa wa kulia. Bado mimi ni mnene, kidogo kuliko zamani, na bado nikiwa na wasiwasi mkono unatafuta cha kugonga. Kama ulitaka nikuambie inakwisha, samahani.

Mwezi uliopita nilikwenda Mnyambe. Bibi hasikii vizuri tena, lakini anabangua. Nilikaa kivulini, mahali pale pale, nikachukua jiwe. Tulifanya kazi mpaka bakuli la vipande likapata kiasi. Akalisukuma katikati yetu.

"Kula, mke mwenzangu. Vichache."

Nilichukua vitatu. Nikatoa daftari, lile lile, sasa limeshonwa kwa uzi mweusi, na nikaandika *korosho, vipande vitatu*. Bibi alinitazama naandika, akatabasamu, akarudi kwenye jiwe lake. Upepo ulikuwa unatoka bondeni. Nikachukua cha nne.

Nilipiga mstari juu ya *vitatu*, nikaandika *vinne*.